Kamba Hukatikia Pabovu

Nikifika chini ya winchi, kitu cha kwanza kutoka mkobani mwangu ni kitambaa cha pamba kilichochakaa. Namwomba dereva ashushe mzigo wote na kuzima mota. Swichi naifunga kwa kufuli yangu mwenyewe, ufunguo nautia mfukoni. Kisha naivika kamba ya chuma kile kitambaa na kukivuta taratibu, glavu mikononi. Panapokuwa na waya uliokatika, ncha yake hunasa uzi wa kitambaa. Hapo nasimama, nasugua grisi kwa brashi, natia alama ya chaki.

Kazi hii ya kukagua kamba nimeifanya Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini, kwenye winchi, lifti za maghorofa na mitambo ya viwandani. Wengi huniuliza: chuma nacho hukaguliwa nini?

Kamba ya chuma ni jamii ya nyuzi. Aina moja inayotumika sana kwenye winchi ina misokoto 6, na kila msokoto una nyaya 36. Jumla ni nyaya 216, zote zimeuzunguka moyo ulio katikati. Moyo huo huweza kuwa kamba nyingine ndogo ya chuma, au katani, zao la mkonge unaouona ukipita Voi. Katani hunyonya mafuta, na kamba inapobanwa na mzigo huyatoa kidogokidogo, nyaya zikalainika kutoka ndani.

Aliyeanzisha kamba za namna hii ni Mjerumani Wilhelm Albert, mwaka 1834, katika migodi ya Clausthal. Kabla yake wachimbaji walitegemea minyororo, na pete moja ya mnyororo ikikatika, mzigo wote huenda chini. Waya mmoja wa kamba ukikatika, wenzake huubeba mzigo, nawe unapata nafasi ya kuona na kuchukua hatua. Kamba ya chuma hutoa taarifa kabla ya kufa, lakini humpa yule tu anayeitazama.

Hili nililijua nikiwa kijana, kibarua katika yadi moja. Tulikuwa tunainua nondo. Kamba ilikuwa inang'aa kwa grisi, na msimamizi alikuwa ametuhimiza tumalize shifti. Nilisikia mlio kama wa bunduki. Ile ncha iliyokatika ilirudi kama mjeledi na kumvunja mguu mwenzangu aliyekuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu. Fundi mmoja mzee aliniita jioni, akaifungua misokoto kwa bisibisi mbele yangu. Ndani mlikuwa na unga mwekundu wa kutu. "Mwanangu," aliniambia, "hii ilipakwa grisi juu, ndani haikutazamwa. Kikulacho ki nguoni mwako."

Tangu siku hiyo siamini kamba kwa mng'ao wake. Nabeba kalipa yenye mdomo mpana, napima unene kwenye migongo ya misokoto. Ukipima kwenye mabonde utapata kipimo cha uongo. Kwa viwango vya kimataifa, kamba ya misokoto sita yenye moyo wa chuma ikipungua unene kwa asilimia 7.5, imekwisha; yenye moyo wa katani, asilimia 10. Kukonda huko ndiko kunakonieleza habari za moyo nisiouona.

Halafu nahesabu nyaya zilizokatika ndani ya mzunguko mmoja, yaani urefu ambao msokoto hutumia kuizunguka kamba mara moja. Kanuni za Marekani za winchi za ujenzi huikataa kamba yenye nyaya 6 zilizokatika ndani ya mzunguko huo, au 3 katika msokoto mmoja. Waya uliokatikia bondeni, kati ya msokoto na msokoto, hunitisha zaidi, maana huashiria kwamba ndani mna mengine yaliyojificha. Kamba iliyopigwa kifundo, au iliyofura misokoto ikaachana kama kizimba cha ndege, haihitaji hesabu. Inashushwa siku hiyohiyo.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Kazi yangu yote ni kutafuta hapo pabovu: inapopinda kwenye roda, inapolala siku zote mahali pamoja, inapojiviringisha kwenye dramu, na zaidi ya yote pale ncha yake ilipofungwa. Tarehe 3 Septemba 2025, mjini Lisbon, Ureno, behewa la Glória lililokuwa likipandishwa mlimani kwa kamba liliachwa na kamba yake, likaporomoka, watu 16 wakafa. Uchunguzi wa awali ulisema ukaguzi wa macho ulifanyika asubuhi ileile bila kuona kasoro. Kamba iliachia pale ilipofungwa kwenye behewa, mahali pasipoonekana mpaka vyuma vifunguliwe.

Kwetu Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kamba na minyororo ya kuinulia ikaguliwe kikamilifu na mtu aliyeidhinishwa, angalau kila miezi sita. Kwa kamba inayofanya kazi usiku na mchana karibu na chumvi ya bahari, miezi sita ni mingi. Mwendeshaji aitazame kila siku kabla ya kuanza kazi.

Nina ombi moja kwa wenye viwanda na wajenzi. Kamba niliyoikataa ikatwe vipande siku hiyo, kila kipande kisizidi urefu wa mkono. Nimezikuta kamba zilizotupwa bandarini zikipandisha zege kwenye majengo mitaani, na chini yake vijana wakipita na karai kichwani. Nawe msomaji, ukipita penye mjengo na kuona mzigo umening'inia juu, usipite chini yake. Na kama wewe ndiwe mwenye mjengo huo, uliza leo: kamba hii ilikaguliwa lini, na nani aliyetia sahihi?