Takwimu za Afya (4): Kilo za Watoto wa Iringa

Udumavu wa Iringa umerudi tena magazetini. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliwakuta watoto 57 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni 30. Na huu ni mkoa wa mahindi, viazi na maharage! Dawa inayotajwa sasa ni kompyuta: zahanati, za Igowole wilayani Mufindi zikiwamo, ziachane na vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za karatasi za mfumo wa taarifa za afya. Sipingi. Ila naona aibu tunavyosahau kwamba mkoa huu uliwahi kuifundisha dunia kazi ya takwimu, tena kwa kalamu na karatasi.

Mwaka 1983 Serikali, UNICEF na WHO, kwa fedha za Italia, walianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya Iringa, enzi hizo Njombe na Makete zikiwa bado ndani ya mkoa. Siku ya afya ya kijiji mizani ilitundikwa kwenye boriti au tawi la mti, mtoto akaning'inizwa huku akilia, na uzito wake ukatiwa nukta kwenye kadi yenye rangi tatu: kijani, kijivu, nyekundu. Aliyeangukia nyekundu hakufikia asilimia 60 ya uzito wa umri wake.

Kupima kulikuwapo tangu zamani. Jipya ni kwamba hesabu ilisomwa palepale, mbele ya viongozi wa kijiji, kabla haijapanda kwenda kata na wilaya. Kwa nini mtoto huyu yuko nyekundu? Mama yuko shambani tangu alfajiri. Mtoto anapewa uji mwepesi, mara mbili kwa siku. Basi vikafunguliwa vituo vya kulelea na kulishia watoto, kimea kikahimizwa, wanaume wakaulizwa kuhusu mizigo ya wake zao (wengi hawakupenda). Baada ya robo mwaka watoto wakapimwa tena. Kufikia 1988 utapiamlo mkali ulikuwa umeshuka kutoka karibu asilimia 6 hadi karibu 2, na mwaka 1990 mkakati wa lishe wa UNICEF ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya mafunzo ya Iringa. Uzito si kimo, najua, lakini njaa ni ileile.

Leo muuguzi anajaza kitabu namba 7 cha MTUHA, rejesta ya watoto, anajumlisha mwisho wa mwezi, takwimu zinaingia kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2 na kusomwa Dodoma. Mwenyekiti wa kijiji hazioni. Uvivu huo wa kutozirudisha kijijini ni wetu, na kishikwambi hakitautibu.

Waheshimiwa madiwani wa Mufindi, kabla hamjapitisha bajeti ya vifaa, daini jambo moja: kila robo mwaka mfumo utoe karatasi moja kwa kila kijiji, nayo isomwe kwenye mkutano mkuu, mara baada ya mapato na matumizi.