Sauti ya Bibi Isizamishwe na Kaswida

Vijana wetu wa Nakuru siku hizi hunasa kila jambo kwa simu: khutba ya nikahi, darasa la akina mama, bibi akisimulia jinsi wazee walivyofika Bondeni. Picha hupendeza, sauti ndiyo huachwa yatima. Kaswida huwekwa kwa nguvu ileile ya maneno, na jamaa aliyetumiwa video hiyo Mombasa au Lamu huona midomo ikicheza tu. Na bibi akishafariki, hakuna wa kumwomba arudie.

Mama ambaye bintiye ameanza kuhariri video na amwambie aanze na maneno. Aizime kaswida yote, avae vipokea sauti vya masikioni, asawazishe usemi peke yake mpaka kila neno lifahamike. Programu za kuhariri hupima sauti kwa desibeli, na sifuri ndiyo dari: sauti ikiigonga wakati wa kunasa hukwaruza, na kuipunguza baadaye hakuondoi mkwaruzo. Vilele vya usemi vibaki kati ya -12 na -6. Kisha kaswida irudi taratibu, desibeli 15 hadi 20 chini ya usemi. Ipande msemaji anaponyamaza, ishuke kabla hajafungua kinywa. Ama khutba ya nikahi, sioni haja ya kuitilia kaswida kabisa. Iachwe mlangoni pamoja na viatu.

Upepo wa Bonde la Ufa na ngurumo za matatu hupunguzwa kwa kichujio kinachokata masafa yaliyo chini ya hezi 80 hivi. Mvua ya masika juu ya bati haikatiki hivyo, kwani imetanda katika masafa yaleyale ya usemi. Basi ingojwe ipite, au simu ya pili iwekwe shubiri moja kutoka kinywani mwa bibi, na kofi moja lipigwe mwanzoni ili sauti na picha zilinganishwe baadaye. Inaswe pia nusu dakika ya chumba kikiwa kimya: hicho ndicho kiraka cha kuzibia palipokatwa kikohozi, maana pengo tupu hushtua sikio.

Audacity ni ya bure, na DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye sehemu nzima ya sauti. Kazi ikiisha, isikilizwe kwa spika ya simu ya kawaida, jikoni, sufuria ikitokota, kwani hivyo ndivyo shangazi wa Lamu atakavyoisikiliza.