Je, Wajua? Ua Linalotangulia Majira ya Machipuko

Katika bustani nyingi za nyumbani Uingereza, ua jeupe liitwalo Galanthus huanza kuonekana Januari na kushamiri Februari, baridi ikiwa bado kali. Je, wajua kwamba:

• Mmea huu huweka akiba ya chakula katika tunguu lake, mfano wa kitunguu kidogo, tangu msimu uliopita? Ndiyo maana huchipua bila kusubiri jua kali.

• Usiku wa jalidi majani yake hulala chini kana kwamba yamekufa, na joto likirudi husimama tena?

• Nyuki wanaotoka mapema hupata chavua humo wakati maua mengine ni adimu?

• Sisimizi ndio wapanzi wake? Kila mbegu ina kijinyama chenye mafuta. Sisimizi huibeba hadi kwenye viota vyao, hula sehemu hiyo, kisha mbegu huota mbali na mmea mama.

• Tunguu lake lina sumu, wala halifai kuliwa? Hata hivyo, galantamini, kemikali iliyomo katika jamii hii ya mimea, imekuwa dawa ya kupunguza dalili za ugonjwa wa Alzheimer. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2001.

Msomaji unayeishi Ulaya, maua yakishanyauka usiyakate majani. Yaache yageuke manjano yenyewe, maana ndiyo yanayotengeneza chakula cha maua ya mwaka ujao.