Unatengeneza kadi kwa kroshia? Usipuuze ganzi ya vidole

Je, wewe ni miongoni mwa wale ambao hawanunui kadi za Krismasi dukani, bali hujitengenezea wenyewe kwa uzi na sindano ya kroshia? Ikiwa ndivyo, makala haya ni yako. Na iwapo wewe ni mume ambaye huamshwa usiku wa manane na mkeo akikung'uta mkono kando ya kitanda, yasome pia.

Kazi yenyewe ni nzuri na sina nia ya kumkataza mtu. Karatasi ngumu hukunjwa katikati, na upande wa mbele ukapambwa kwa ua, jani au kikonokono cha uzi. Wengi wetu tumelelewa katika nyumba zenye vitambaa vya kroshia juu ya viti, lakini vitambaa hivyo hufuata mtindo maalum: hesabu mishono, geuza, rudia. Mapambo ya kadi aghalabu ni kroshia huru. Mfumaji huanza na kipete kidogo, kisha huenda apendako. Hubadili rangi, hugeuza mwelekeo, na kuunganisha kipande kwa kipande hadi lipatikane umbo lisilofanana na jingine. Ndiyo maana anayeipokea kadi hiyo huiweka kabatini miaka mingi. Ndiyo maana pia mkono huchoka kuliko unapofuma kitambaa cha kiti.

Vipande vya kadi ni vidogo, kwa hivyo huhitaji uzi mwembamba na sindano ya chuma ambayo huenda isifike unene wa milimita 2. Kitu chembamba namna hiyo hakishikiki ila kwa kubanwa kwa nguvu. Tuseme ua moja lina mishono 150, na kila mshono wageuza kifundo cha mkono mara mbili. Kwa kadi 20 umekigeuza mara 6,000, na huenda ni kwa siku tatu tu kwa sababu Krismasi imebisha hodi.

Sasa tazama kifundo chako kwa upande wa kiganja. Chini ya ngozi hiyo kuna njia nyembamba mfano wa handaki. Sakafu yake ni mifupa midogo ya kifundo, na dari yake ni ukanda mgumu usionyumbuka. Ndani yake hupita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu uitwao mediani. Utando unaozizunguka kano hizo ukivimba, nafasi haiongezeki. Kinachoumia ni mshipa wa fahamu, kwa kuwa ndio laini kuliko vyote humo.

Mshipa huo ndio unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kwa hivyo ganzi na hisia ya kuchomwachomwa na sindano hutokea hapo, hasa usiku, kwani wengi wetu hulala tukiwa tumekunja vifundo. Mgonjwa huamka, hukung'uta mkono, akapata nafuu, akalala tena. Asubuhi kikombe cha chai humponyoka.

Mama mmoja alinijia mwezi wa Januari akiwa na hofu ya kiharusi. Alikuwa amefuma kadi 60 za Krismasi na za harusi, nazo ndizo zilizomlipia karo ya mtoto. Jirani alimwambia kwamba damu haipiti, akawa anachua mkono kwa mafuta kila jioni. Nilimwuliza kidole cha mwisho kinaendeleaje. Alifikiri kidogo, akasema hicho hakina neno. Jibu hilo lilinipa picha karibu yote, kwa sababu kidole hicho huhudumiwa na mshipa mwingine. Nilipompima damu nikakuta sukari iko juu, jambo ambalo hakulijua.

Hapo pana somo kwa msomaji. Si haki kuitupia sindano ya kroshia lawama zote. Kisukari, ujauzito, unene, upungufu wa homoni za tezi ya shingo na ugonjwa wa baridi yabisi, vyote huweza kuubana mshipa huu hata kwa mtu asiyefuma kamwe. Kazi ya mikono huja kuzidisha. Kwa sababu hiyo, dawa ya kutuliza maumivu inayonunuliwa dukani bila kupimwa haitoshi.

Unaweza kujijaribu ukiwa nyumbani. Kutanisha migongo ya mikono yako, vidole vikielekea chini, na ukae hivyo kwa dakika moja. Ganzi ikija katika vidole nilivyovitaja, mwone daktari. Lakini ganzi ikija ghafla, uso ukapinda, maneno yakawa mazito au upande mmoja wa mwili ukalegea, usijaribu lolote. Kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Ugonjwa ukigunduliwa mapema, matibabu ni rahisi. Banzi la kushikilia kifundo kikiwa kimenyooka, livaliwalo usiku kwa majuma kadhaa, huwasaidia wengi. Wajawazito wengi hupona baada ya kujifungua. Baadhi huhitaji sindano ya dawa ya steroidi, na walioathirika zaidi hufanyiwa upasuaji mdogo wa kukata ule ukanda wa juu, mara nyingi kwa kutiwa ganzi mkononi tu na kurudi nyumbani siku iyo hiyo. Yule mama alifanyiwa upasuaji na sasa analala usiku kucha. Hata hivyo, nyama ya shina la kidole gumba, iliyokuwa imenywea alipokuja, haijarudi yote. Angekuja miezi sita mapema, huenda angeshika sindano yake kama zamani.

Kuna maumivu mengine yanayofanana na haya, lakini hayana ganzi. Hukaa kwenye kifundo upande wa kidole gumba na huuma unapokunja ngumi. Haya yalielezwa na daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, mwaka wa 1895, na huwapata sana pia akina mama wanaobeba watoto wachanga. Kupumzisha kidole gumba ndiyo tiba ya kwanza.

Basi ufume vipi? Nenepesha mpini wa sindano kwa kuuzungushia kitambaa au mpira laini, ili usiubane sana. Simama kila baada ya nusu saa, fungua vidole, nyoosha shingo. Usifume ndani ya matatu, ambako kila shimo la barabarani hukufanya ukaze mkono. Ukiwa umepita miaka 40 na unaisogeza kazi mbali ili uione, hayo ni macho yanayotaka miwani ya kusomea; ukiikosa, utainama hadi shingo iume. Kwa kubandika, gundi nyeupe ya maji inatosha. Ile yenye harufu kali huleta kizunguzungu chumba kikiwa kimefungwa. Na anza kadi zako mwezi wa Septemba, mbili au tatu kwa juma.