Dakika Tano za Kocha

Kwa sheria za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu (FIBA), mchezo ni wa dakika 40. Kocha anaruhusiwa kuomba mapumziko mara mbili katika nusu ya kwanza na mara tatu katika nusu ya pili, kila moja dakika moja. Ukiacha mapumziko ya kati ya robo, basi, ana dakika tano tu za kuusimamisha mchezo aseme na vijana wake. Mengine yote awe ameshayafundisha mazoezini. Mchezaji wa Pemba, awe wa Chake Chake, Wete au Mkoani, anayetamani ukocha aanze na hesabu hiyo.

Mchezaji hodari hufanya mengi bila kuyafikiri. Akimwona mlinzi ameelemea kushoto, yeye ameshapita kulia. Muulize alijuaje, atakwambia, "Niliona tu." Jibu hilo linamtosha yeye, lakini halimfai mtoto wa miaka 13. Kocha hana budi kukichambua kitendo hicho: mlinzi aliweka miguu vipi, mpira ulikuwa mkono gani, macho yalitazama wapi. Kisha kila kipande akitungie zoezi lake.

Ndiyo maana umaarufu si kigezo cha ukocha. Mmarekani Royal Ivey alichaguliwa na Atlanta Hawks ya ligi ya kulipwa ya Marekani (NBA) mwaka 2004, akiwa wa 37 katika orodha ya wachezaji wapya. Alidumu NBA misimu 10 bila kuwa mfungaji wa kutajwa. Ngao yake ilikuwa ulinzi na kuusoma mchezo, mara nyingi akitokea benchi. Alipostaafu hakukabidhiwa timu kubwa. Mwaka 2014 alianza kama kocha msaidizi wa Oklahoma City Blue, timu ya kukuza vipaji, ndipo akapanda kuwa msaidizi NBA. Kazi ya msaidizi haina makofi: kutazama video za wapinzani, kumnoa mchezaji mmoja mmoja, kuandaa mazoezi ya kesho.

Shule hiyo ilizaa matunda kwa majirani zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini, chini ya urais wa Luol Deng, nyota wa zamani wa Chicago Bulls, lilimpa Ivey timu ya taifa mwaka 2021. Nchi hiyo haikuwa na hata uwanja wa ndani wa kufanyia mazoezi. Hata hivyo, Julai 28, 2024, katika Olimpiki ya Paris, iliifunga Puerto Rico 90-79, ushindi wake wa kwanza katika michezo hiyo.

Pemba nayo haina haja ya kungoja ipate nyota wa NBA ndipo ipate makocha. Klabu na skuli zimkabidhi mchezaji mzoefu kundi la watoto angali anacheza, aandike mpango wa kila zoezi, akae pembeni ya kocha mkuu siku za mechi, na nafasi ya kozi ikitokea atangulizwe yeye. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Tuzo kubwa tunayoweza kumpa mchezaji wetu anapokaribia kustaafu ni kumfundisha kufundisha, na kazi hiyo ianze kabla magoti yake hayajachoka.