Gari Likitetemeka, Tuulize Kwanza: Linatetemeka Lini?



Vikundi vingi vya maendeleo katika sehemu zetu za Kedowa, Londiani na Kipkelion vinategemea gari moja tu, na gari lenyewe mara nyingi ni mzee. Ni pikapu ya Peugeot, Toyota Hilux, Land Rover, au ile Corolla ya zamani ambayo sote tunaiita DX. Asubuhi linabeba maziwa, mchana majani chai, siku ya soko viazi, na usiku mtu akibisha hodi linapeleka mama mjamzito hospitali. Gari kama hilo likisimama, si mwenyewe peke yake anayeumia.

Tunapokutana na kamati za vikundi tunasikia lalamiko lile lile: "Gari inatetemeka. Fundi amebadilisha plagi, akaweka klachi mpya, pesa ya maziwa imeisha, na gari bado inatetemeka." Kikundi kimoja kilitumia akiba ya miezi mitatu namna hiyo. Mwishowe shida ikaonekana ni krosi moja ya propela, kitu kidogo kuliko ngumi ya mtoto.

Kutetemeka ni dalili tu, kama vile homa. Muuguzi mzuri hatoi dawa ya malaria kabla ya kupima damu. Vivyo hivyo tusinunue spea kabla ya kupima gari. Vipimo vyenyewe ni rahisi na havihitaji mashine. Vinahitaji dereva mwenye subira na mtu wa pili wa kusaidia.

KIPIMO CHA KWANZA: GARI LIKIWA LIMESIMAMA

Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu, tia gia nyutro. Washa injini na ukanyage mafuta polepole. Kama gari linatetemeka hapo hapo, basi magurudumu na propela havina hatia, kwa sababu havizunguki. Shida iko kwenye injini au mahali inapokalia. Tuangalie mambo matatu.

(a) Injini inamisi. Injini ya silinda nne ikikosa moto kwenye silinda moja, hutikisika kama mtu anayechechemea. Kwa injini za zamani zenye distributa, fundi hushika waya za plagi kwa plaisi yenye mpira na kuziondoa moja moja kwa muda mfupi. Akiondoa waya ya silinda nzima, mlio wa injini hubadilika. Akiondoa ya silinda mgonjwa, hakuna tofauti. Magari ya siku hizi yenye kompyuta yasifanyiwe hivyo, yanaweza kuharibika. Tukumbuke pia kwamba huku kwetu tuko zaidi ya mita 2000 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Kabureta iliyopangwa pwani itatoa petroli nyingi mno huku, plagi zitajaa masizi meusi, na injini itaanza kumisi. Hapo dawa ni kupanga kabureta. Kununua plagi mpya kila mwezi hakutasaidia.

(b) Mauntingi zimechoka. Hizi ni zile raba zinazoshika injini. Oili ikizivujia huwa laini kama ugali maji, halafu hukatika. Fungua boneti, dereva akanyage breki na kuachia klachi kidogo sana kwenye gia ya kwanza, kisha kwenye rivasi. Injini ikiinuka upande mmoja kama inayotaka kuruka, mauntingi imekatika. Anayetazama asimame kando ya gari. Mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma.

(c) Feni. Panga moja la feni likivunjika, uzito unalala upande mmoja, na mtetemeko huongezeka kadiri injini inavyozunguka kwa kasi. Zima injini kwanza, ndipo uhesabu mapanga.

KIPIMO CHA PILI: GARI LIKIWA BARABARANI

Kama gari lilikuwa tulivu likiwa limesimama, twende barabarani, mahali tambarare na pasipo na magari mengi. Tafuta mwendo ambao mtetemeko unatokea, tuseme kilomita 80 kwa saa. Sasa rudi gia ya tatu na uendeshe kwa mwendo ule ule, bila kuilazimisha injini kupiga kelele. Kama mtetemeko haukubadilika, unafuata mwendo wa gari, yaani unatoka kwenye magurudumu, ekseli au propela. Kama umebadilika au umehamia mwendo mwingine, unafuata injini.

Hesabu yenyewe ni hii. Tairi la gari dogo la rimu 13 huenda karibu mita 1.8 kila likizunguka mara moja. Kwenye kilomita 80 kwa saa linazunguka kama mara 12 kwa sekunde. Difu ya magari mengi ya zamani ina uwiano wa karibu 4 kwa 1, kwa hiyo propela inazunguka karibu mara 50 kwa sekunde. Ndiyo maana gurudumu bovu hutikisa gari kwa mapigo unayoyasikia moja moja mwilini, bali propela mbovu huvuma kama nyuki chini ya viti. Na kwa kuwa gari lenye gia nne, likiwa kwenye gia ya nne, injini na propela huzunguka sawasawa, bila kile kipimo cha gia ya tatu hutaweza kuvitenganisha.

Unaweza pia kukanyaga klachi kwa sekunde chache kwenye tambarare hiyo. Mtetemeko ukiendelea, injini haihusiki. Lakini tafadhali, kipimo hiki kisifanywe kwenye mteremko. Madereva wengi hutia nyutro wakishuka ili kuokoa mafuta, na hapo injini haisaidii tena breki. Sisi wa sehemu hizi hatuhitaji kukumbushwa tarehe 30 Juni 2023, trela lilipowavamia wachuuzi na abiria hapo Londiani Junction, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Hatusemi ajali ile ilitokana na mambo tunayoeleza leo. Tunasema tu kwamba barabara yetu haina huruma kwa gari ambalo dereva hana uwezo nalo.

MAGURUDUMU

Usukani ukitikisika, tazama magurudumu ya mbele kwanza. Kiti na sakafu vikitikisika, tazama ya nyuma. Usukani ukitikisika unapofunga breki tu, diski ya breki imepinda.

Kabla ya kwenda kubalansi magurudumu kwa pesa, chukua kijiti na debe la maji. Udongo mwekundu wa njia zetu za majani chai huingia ndani ya rimu wakati wa mvua, na gari likilala usiku matope hukauka yakiwa yamekaa upande mmoja. Kesho yake gari linatikisika na kila mtu anashangaa. Osha rimu pande zote mbili kabla ya kumwita fundi. Kisha angalia kama tairi limevimba mahali, na kama nati zote zimekazwa. Gurudumu lenye nati zilizolegea lisiende hata mita moja zaidi.

PROPELA NA KROSI

Gari likilia "tak" unapotoka gia ya mbele kwenda rivasi, shuku krosi. Zima injini, weka mawe kwenye magurudumu, ingia chini na ujaribu kusokota propela kwa mkono huku na huku. Krosi nzima haichezi. Ukiona vumbi jekundu kama kutu pembeni ya vikombe vyake, grisi imekwisha. Magari yenye propela ya vipande viwili yana beringi ya katikati iliyoshikwa na raba. Raba hiyo ikikatika, gari hutetemeka sana linapoondoka na mzigo.

Jambo moja ambalo mafundi wenye haraka husahau: kabla ya kufungua propela, ipigwe alama ya rangi mahali inapounganika, ili irudi ilivyokuwa. Ikirudishwa vibaya, uma za mbele na nyuma zikose kulingana, gari litavuma hata kama krosi ni mpya kabisa. Wenye Peugeot 504 wajue kwamba propela yao imefichwa ndani ya bomba, kwa hiyo haishikiki kwa mkono namna hii. Hapo tumtafute fundi anayeijua Peugeot.

Magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama Probox nyingi, hayana propela ya namna hii. Hayo, yakilia "ka-ka-ka" kwenye kona, jointi ya nje ya ekseli imekwisha. Yakitikisika unapokanyaga mafuta kupanda mlima na kutulia unapoachia, tazama jointi ya ndani. Raba inayofunika jointi ikipasuka ibadilishwe mapema, kabla matope hayajaingia.

KWA KAMATI ZA VIKUNDI

Kwanza, dereva awe na daftari. Aandike: linatetemeka lini, mwendo gani, gia gani, likiwa na mzigo au bila, sehemu gani inatikisika. Fundi wa jua kali akipewa maelezo hayo, nusu ya kazi imekwisha.

Pili, kifanyike kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha gari lijaribiwe. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja hutajua kipi kilichoponya, na viwili pengine umelipia bure.

Tatu, anzeni na kisicho na gharama: kuosha rimu, kukaza nati, kutia grisi.

Nne, spea ya zamani irudishwe kwa kamati. Si kwamba tunamshuku fundi. Mali ni ya wanachama, na wana haki ya kuona pesa yao imekwenda wapi.

Krosi iliyoanza kulia leo, ikipuuzwa, inaweza kukatika kesho na propela ikaanguka barabarani gari likiwa na watu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa upande wa gari, ufa wenyewe unajitangaza kwa kutetemeka. Basi tuusikilize mapema, kabla ya usiku ule ambao mgonjwa atakuwa ndani.