Jibu la Haraka la Kinyama cha Pafu: Tuliamini kwa Kiasi Gani?

Sindano imetoka kifuani dakika kumi tu zilizopita. Mtaalamu wa patholojia amekwisha kuzipaka seli juu ya kioo, akazitia rangi ya haraka, na sasa ameinamia hadubini pembeni mwa kitanda. Mlangoni, mtoto wa mgonjwa ananiuliza swali nililolizoea: "Daktari, mmeona nini?"

Swali lake ni la haki, ila kipimo kile hakikuwekwa kwa ajili ya kulijibu. Kazi yake ya kwanza ni kutuambia kama sindano imefika kwenye uvimbe na kama seli zilizopatikana zinatosha, ili turudie kabla mgonjwa hajateremka kitandani. Kwa kweli, anayepimwa pale mwanzo ni mchomaji sindano.

Mtaalamu mzoefu akiona seli za saratani waziwazi na kusema "ipo", ni mara chache jibu la mwisho humkanusha. Akisema "sijaiona", mambo ni mengine. Sindano hugusa sehemu ndogo sana ya uvimbe. Huweza kuangukia kwenye tishu iliyokufa, kwenye damu, au kwenye sehemu iliyovimba kwa maambukizi kandokando yake. Picha ya kifua ikiendelea kutia shaka, hapana budi kinyama kichukuliwe tena.

Iko namna nyingine ya haraka, ya chumba cha upasuaji. Kipande hugandishwa kwa baridi kali, hukatwa vipande vyembamba na kusomwa mgonjwa akiwa bado usingizini. Mara nyingi jibu hupatikana kwa dakika 20 hivi. Louis B. Wilson wa Mayo Clinic, Marekani, aliiingiza katika kazi ya kila siku mwaka 1905, na hadi leo huwasaidia wapasuaji kuamua waondoe pafu kiasi gani. Lakini barafu huharibu umbo la seli, na pafu, kwa kuwa limejaa hewa, halikatiki vizuri likigandishwa. Kutofautisha saratani changa isiyopenya na ile iliyoanza kupenya huwa kazi ngumu.

Hapa kwetu liko tatizo la ziada: kifua kikuu. Kikohozi, kukonda, damu katika makohozi, kivuli kwenye eksirei. Dalili ni zilezile, na magonjwa yote mawili huweza kukaa katika pafu moja. Namkumbuka mama aliyefika kwetu baada ya kutibiwa kifua kikuu mara mbili, ilhali makohozi yake hayakuonesha vimelea hata mara moja. Kioo cha haraka kilionesha seli za maambukizi tu. Nakiri nilishawishika kumwandikia dawa zilezile mara ya tatu. Tulichukua kinyama kingine, kwa sindano nene zaidi, na jibu kamili likatoka baada ya siku tisa: adenokasinoma.

Wahudumu wenzangu, gawanyeni sampuli. Ya kupima saratani iwekwe katika formalini ya asilimia 10. Ya kuotesha vimelea vya kifua kikuu iwekwe katika salaini safi, kwa maana formalini huviua. Wala msimalize nyama yote kwenye vioo vya haraka. Maabara huhitaji kubakiwa na tishu ya kutambua aina ya saratani na, panapowezekana, mabadiliko ya jeni za EGFR na ALK, ambayo yana vidonge vyake mahususi. Nimeona wagonjwa wakichomwa upya kwa sababu hiyo tu.

Nawe mgonjwa, ukipewa jibu la awali, uliza la mwisho litatoka lini na ni nani atakayekupa.

Kijana wa mlangoni nilimwambia lilelile nililomwambia baba yake: "Tumepata nyama ya kutosha. Ugonjwa wenyewe tutawaeleza maabara ikimaliza, Jumatano." Hakuridhika. Aliandika namba ya ofisi, na Jumatano, saa mbili asubuhi, simu ya kwanza ilikuwa ya baba yake.